Wa Nyumbani Hapimwi

Dada Vero,

Viatu vyako vyekundu amevichukua Bi Somoe. Alivivaa siku ileile tuliyokuzika, visigino vyake vikiwa vimebaki nje kwa sababu mguu wake ni mkubwa kuliko wako, akazunguka navyo uani mbele ya waombolezaji wote. Hakuna aliyemzuia. Yeye ni Myao, sisi ni Wamakonde, na mtani akiwa msibani haombi, anachukua. Mama alilia alipoviona. Mimi nilifurahi. Ulivinunua ili ujizoeze kutembea navyo kabla ya harusi, na sikutaka kuviona tena.

Nimeanza na viatu kwa kuwa ndilo jambo jepesi. Mengine ni haya. Kiti chako cha kusukia kilibaki barazani, na wateja wako wa Mbagala yote wakawa wanapita kuuliza kama kuna mtu amekirithi. Baba haendi tena bandani kuchonga. Amebeba nyumbani kinyago kimoja cha mpingo ambacho alikimaliza zamani, na mpaka juzi kila asubuhi alikuwa anakipaka kiwi, anakifuta, anakipaka tena. Mama anamwambia kila mtu kwamba ulikufa kwa vidonda vya tumbo. Amesema mara nyingi mpaka sasa anaeleza na vyakula vilivyokudhuru. Juzi nimemsikia akimkanya jirani asimpe mtoto wake maharage.

Nyumba nzima imekubaliana na vidonda vya tumbo. Ni mimi tu niliyekuwa najua, na mimi uliniapisha kwa jina la Bibi.

Sasa nisikilize. Sikuandikii kukubembeleza.

Unakumbuka ulivyokuwa unatusuka Jumapili baada ya misa? Mdogo wetu Anjela kati ya magoti yako akilalamika kwamba unamvuta, mimi kwenye ngazi na kitabu changu. Huku vidole vinakwenda, ulikuwa unatufundisha wanaume. Wako wa aina tatu, ulisema. Kuna danga, huyo ni wa kukutunza, na ndomu inakaa mezani kabla soda haijafunguliwa, wala habishi maana naye ana mke wake wa kumwogopa. Kuna wa kupita, mmekutana kwenye sherehe, ana maneno matamu, huyo avae hata akilia. Halafu kuna mtu wako. Mtu wako naye mwanzoni anavaa. Siku akileta barua ya posa nyumbani, wazee wakaipokea, basi, yamekwisha.

Anjela aliuliza, "Sasa kama anao?"

"Atakuwa nao vipi na amekuja na wajomba zake?" ukamjibu, ukacheka mpaka ukapoteza mstari kichwani mwake. "Wa nyumbani hapimwi."

Mimi nikasema virusi havijui wajomba. Ukaniambia, "We kaa na vitabu vyako, ndo maana huna mtu."

Leo nafundisha bayolojia kwenye shule moja huko Goba. Nikifika kwenye sura ile ya virusi, wasichana wa nyuma wanainamisha vichwa na kucheka, na mimi nasikia sauti yako. Wanaijua sheria yako, Vero, wala hukuitunga wewe. Mtaa wetu mzima wa watu wa kusini uliishi nayo. Msichana anayeonekana na kondomu kwenye pochi anaitwa majina. Anayeheshimiwa ni yule ambaye hazihitaji tena. Kuziacha ndiyo pete yetu, pete ambayo haionekani, na wote tunajua nani ameshaivaa.

Wewe ulikuwa mwangalifu kuliko wote. Hilo ndilo linaloniudhi. Hao madanga na hao wa kupita hakuna hata mmoja aliyekugusa bila mpira. Ungepita katikati yao wote ukatoka salama. Umeuawa na yule mmoja aliyekuja mchana, na suti, na salamu.

Siku barua ya Denis ilipoletwa uliamka kabla ya watu wote ukafagia uwanja. Ukaweka vitambaa vipya kwenye makochi. Kisha ukapanda kwenye stuli ukaitoa ukutani picha ya Bibi. Nilikuona. Bibi na chale zake usoni na ndonya ya mti iliyotoboa mdomo wa juu, akiangalia kamera kama anayeidai kitu. Ukaifunga kwenye khanga, ukaisukuma chini ya kitanda. Nilipokuuliza ukaniambia ndugu zake Denis ni walimu na makarani, watu wa bara, wakazi wa Kinyerezi, nyumba yao ina geti, wasije wakadhani wanaoa porini. Shuleni walituita watoto wa chale, nami niliumia kama wewe. Lakini mimi nisingemweka Bibi chini ya kitanda pamoja na masufuria.

Walikuja. Mshenga alisifu ukoo wetu kwa Kiswahili cha mahubiri. Uliitwa sebuleni, ukaulizwa mbele ya wazee kama unaijua barua ile, ukapiga magoti, ukasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako, "Naijua." Baba alifurahi hadi akampa mjomba wa Denis kinyago chake kizuri kuliko vyote bila kuombwa. Jioni ile tukiosha vyombo ukaninong'oneza kwamba boksi la ndomu umelitupa chooni. Ulisema kama mtu anayesema amebatizwa.

Nikakuambia mkapime kwanza. Wote wawili, siku moja, hospitali yoyote, hata ya mbali asikowajua mtu.

Nayakumbuka maneno yako neno kwa neno. "Nimwambie nini? Mtoto wa mchonga vinyago nimdai mtoto wa mwalimu anionyeshe damu yake? Wataondoka na barua yao."

Hukuogopa ugonjwa hata kidogo. Uliogopa barua kurudishwa.

Kisha homa, kikohozi, na vile vidonda vyeupe vya mdomoni ulivyosema ni pilipili. Nilikupeleka kliniki mwenyewe. Nesi alikuwa mtu mzima, mkavu, hana huruma za maneno. Alipokusomea majibu alikuambia umeze vidonge kila siku, usikose, na utazeeka mpaka uchoke. Akakuambia umlete mwenzio. Ukaitikia, "Sawa, mama," ukiwa tayari umeshaamua kwamba hutamleta. Nje ya geti ndipo uliponiapisha. Mama asijue, Baba asijue, Anjela asijue, na Denis kuliko wote.

Vidonge uliviweka kwenye kopo la mafuta ya nywele, hapa nyumbani, kwenye kabati la kusukia. Ulipohamia kwa Denis Kinyerezi hata harusi haijapangwa, vidonge vilibaki Mbagala. Ulikuwa unakuja kumeza kama mtu anayekuja kumsalimia mgonjwa. Mwanzoni ulikuja kila siku, unamwambia Denis una wateja. Halafu mara moja moja. Halafu nikawa nafungua kopo na kulikuta limejaa. Ulipopungua ukaanza kuvaa suruali mbili za kubana chini ya gauni, ili Denis aone mapaja.

Nitakuambia kitu kibaya. Shuleni kwetu kuna mwalimu wa hesabu, mwanamke mkali, watoto wanamwogopa. Siku moja kwenye chumba cha walimu alisema mwenyewe, huku anamenya chungwa, kwamba anaishi nao tangu mtoto wake wa kwanza. Mumewe anajua. Watoto wao wawili hawana. Akamaliza chungwa, akaenda kufundisha. Umekufa kwa kitu ambacho watu wanakwenda nacho kazini. Nikimwangalia yule mama akitembea na chaki zake nakuchukia, Vero, nakuchukia kweli, halafu nakwenda maliwatoni nakaa humo hadi kengele igongwe.

Sasa Anjela.

Denis hakuacha kuja baada ya mazishi. Kwanza alikuja kumpa pole Mama. "Shikamoo Mama, shikamoo Baba," anakaa, anainamisha kichwa. Baadaye akawa anakuja na mfuko wa matunda. Baadaye akaja na chips kuku, na chips kuku si chakula cha kumpelekea mama mkwe. Mama alinong'ona jikoni kwamba labda Mungu ametufungulia mlango mwingine. Baba alikishika kinyago chake kama anayefikiria atakayempa.

Anjela akaja chumbani kwangu Goba, macho yanang'aa, nywele amesuka mtindo wako. Akaniambia Denis anasubiri arobaini yako ipite kwa heshima, kisha atamleta mshenga yuleyule. Akasema, "Tena kaniambia mie ni wa nyumbani tangu zamani."

Aliyasema maneno hayo kwa lafudhi yako, Vero. Hata kuinamisha shingo aliinamisha kama wewe. Nikafungua mdomo, nikaona uso wa Bibi, nikafunga. Nikamuuliza kama amekula.

Arobaini ikafika. Turubai, masufuria, wali, watu wa Mtwara na Newala wote wa mtaani. Mama alimvisha Anjela kitenge kipya. Denis alikaa mstari wa mbele na mjomba wake, shati jeusi limepigwa pasi vizuri. Na Bi Somoe akaja na watani wenzake kuifunga kazi yao.

Alikuwa amevaa wigi lako. Sijui alilipata wapi. Alikuwa na viatu vyako vyekundu, pochi begani, akitembea kwa kushikilia ukuta. Alikuiga vizuri mpaka mtoto mmoja mdogo akalia. "Jamani mie siumwi," akasema kwa sauti yako ya puani, "ni maharage tu haya." Watu wakacheka, maana utani ndio dawa yetu siku hizo, na anayekasirika anatozwa. Akajifanya anasuka kichwa cha Baba ambaye hana nywele. Akajifanya anaficha kitu kwenye kopo, anachungulia, anakificha tena. Hapo mimi niliacha kucheka. Bi Somoe ndiye aliyekuosha. Yeye na wenzake. Aliuona mwili wako wote, na kabati lilikuwa wazi.

Kisha akaenda mpaka kwa Denis, akapiga magoti kama ulivyopiga magoti sebuleni, akamshika kidevu.

"Mchumba wangu we," akasema, "mbona mie nimekonda na we umenenepa? Hukunigawia ulichokuwa unakula?"

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya siku ile. Mjomba wake Denis alicheka hadi akafuta macho. Mama alicheka. Ni watu watatu tu ambao hawakucheka. Denis. Mimi. Na Anjela, ambaye hakuwa anamwangalia Bi Somoe wala Denis. Alikuwa ananiangalia mimi.

Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji. Denis akanifuata.

"Umemwambia nini yule bibi?"

Nikamwambia sijamwambia kitu, ila yeye ndiye aliyekuosha. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Nilitegemea aniulize, Ameona nini? Hakuuliza. Ndipo nikaelewa, na yeye akaona kwamba nimeelewa.

"Nilijua kabla ya barua kwamba ninao," akasema. "Dawa nimeanza baadaye. Ziko ofisini, droo ya chini, na majani ya chai. Nilimwogopa Vero, Fausta. Angeniacha."

Nimeyaandika kama alivyoyasema ili uyasome vizuri. Alijua. Alijua wakati umepiga magoti. Ulipolitupa boksi chooni naye alinyamaza, kwa kuwa naye kuendelea kuvaa kungemlazimu aeleze. Ulikonda mbele yake akakununulia dawa ya vidonda vya tumbo. Yeye anameza ofisini, wewe unameza Mbagala, na ndani ya nyumba yenye geti hakuna aliyemeza kitu. Mngeweka kopo moja kwenye dirisha la jikoni. Mngemeza pamoja baada ya chai, mkagombana, mkasameheana au mkaachana, na leo ungekuwa barazani unamvuta mtu nywele.

Alilia. Alisema sasa yuko salama, daktari amemwambia dawa zimevififisha virusi mpaka haambukizi tena, na hatamdhuru Anjela. Labda ni kweli. Mimi nafundisha mambo hayo, najua inawezekana kuwa kweli. Nikamwambia basi amwambie Anjela mwenyewe. Akasema, "Akijua atanikataa." Nilimwangalia akilia kwenye ndoo ya Mama na sikuhisi kitu, ila niliona kwamba kweli amenenepa.

Anjela alinikuta palepale baada ya Denis kuondoka. Alikuwa amebeba sufuria lenye ukoko, akaliweka chini.

"Dada Fau, kuna nini?"

Nimevunja kiapo, Vero. Nilikivunja nikiwa nimesimama, kwa sauti ya kawaida, kama ninayesoma matangazo shuleni. Nilimwambia ulichokufa nacho. Nilimwambia kuhusu kopo, na nesi, na suruali mbili. Siri ya Denis sikuigusa, hiyo ni yake aibebe mwenyewe. Nilisema siri yako tu, yote, sikubakiza hata chembe, na jina la Bibi lilikuwa kwenye ulimi wangu muda wote na halikuniunguza.

Anjela hakulia. Akakwangua ukoko kwa kidole, akala, kama alivyokuwa anafanya alipokuwa mdogo.

"Alikuwa anaogopa nini?"

"Barua isirudishwe."

Akafikiri. "Kwa hiyo kafa kwa adabu."

Nikamuuliza nililokuwa naogopa kuliko yote, yeye na Denis wamefika wapi. Akanitazama kama vile nimemtukana. "Bado. Si nilikuwa nasubiri barua." Yaani sheria yako, Dada. Ileile ya barazani. Alikuwa anaitii kama amri ya kanisani, hakumruhusu Denis kitu, na ndomu pia alikuwa nayo kwenye pochi ikitokea ameshindwa kungoja, kama ulivyomfundisha. Sheria iliyokufukia ndiyo iliyomweka akae akingoja. Nilicheka pale kwenye tangi mpaka tumbo likaniuma. Anjela alinishika mkono akidhani nalia, na pengine hakukosea.

Mshenga alikuja Jumapili iliyofuata. Kiswahili kilekile cha mahubiri, mjomba yuleyule. Denis naye alikuja, jambo ambalo si kawaida. Mama alikuwa ametandaza vitambaa. Anjela aliitwa, akapiga magoti, akaulizwa kama anaijua barua ile.

"Naijua," akasema. "Ila isifunguliwe. Mwenyewe aje kesho twende tukapime, mie na yeye, tukae benchi moja. Tukirudi ndo muifungue."

Mama akasema, "Anjela," mara moja, kama anayemwita mtoto atoke barabarani. Mjomba akamgeukia Denis akisubiri akasirike kwa niaba ya ukoo. Denis aliangalia zulia. Ilimtosha kusema neno moja, "Sawa," na nadhani Anjela angeweza hata kumpenda. Kwa sababu hakumkataa, Vero, unaona? Hakusema simtaki. Alisema twende. Hilo ndilo ambalo wewe na Denis hamkulijua, kwamba kuna neno kama hilo.

Denis alisimama, akasema samahani Baba, samahani Mama, akatoka. Mshenga akaichukua barua yake mezani, akaitia kwenye mfuko wa koti. Ilirudishwa, kile ulichokufa ukikikimbia. Na paa halikuanguka. Mjomba alimaliza soda yake kwanza.

Mama hasemi na mimi. Anajua ni mimi, ingawa bado hajataka kuuliza nilisema nini. Wanawake wa mtaani wanasema Anjela ana kiburi, eti ndiyo matokeo ya kukaa na dada msomi asiye na mume. Anjela amekichukua kiti chako. Anasuka. Jana nilipita nikamkuta na msichana mmoja wa jirani kati ya magoti, anamwambia mambo ya aina za wanaume, na nikasimama nje ya ukuta kusikiliza. Danga, akasema. Wa kupita. Mtu wako. Akanyamaza, akatafuta uzi. Kisha akasema kwamba huyo wa tatu ndiye wa kwanza kumpeleka kupima, maana hao wengine hutalala nao ukiwa umefumba macho.

Baba jana aliacha kiwi. Alichomoa picha ya Bibi chini ya kitanda, akaifuta vumbi kwa shati lake, akaitundika mahali pake. Bibi anaangalia mlango, anasubiri mgeni mwingine aje na suti.

Basi, lala. Hasira yangu haijaisha na sitakudanganya kwamba imeisha. Nitakuja nayo kaburini siku ya kupanda maua, nitaipanda humohumo. Ulinilisha, ulinisuka, ulinilipia mtihani kwa vidole vyako, halafu ukaniachia uongo wa kuulinda maisha yangu yote, na huo sikuutaka.

Naahidi hili. Mtu yeyote, awe Mama, awe mtoto wa Anjela atakayezaliwa, awe mwanafunzi wangu wa benchi la nyuma, akiniuliza dada yangu mkubwa alikufa kwa nini, nitamwambia. Nitalitaja jina lako lote, na ugonjwa wako kwa jina lake. Nitasema ulikuwa msusi hodari kuliko wote Mbagala. Sitataja maharage.

Mdogo wako,
Fausta